Risasi ya Kuzibia

Makoroboi, chini ya mawe, nina kibanda cha mlango mmoja.
Nanyoosha bati. Mwaka wa thelathini na moja huu:
masufuria, makarai, madebe ya dagaa kutoka mwaloni Kirumba
yanayonuka hata yakisuguliwa kwa majivu.
Kilichobonyea nakinyoosha.
Kinachovuja nakitia risasi.

Koplo Malegesi alileta chupa ya maji ya jeshi.
Rangi ya kijani ilibaki mabegani tu.
Ubavuni tundu, dogo, kingo zimeingia ndani
kama midomo ya bibi asiye na meno.
Ziba kwa ndani, alisema. Nje usiguse.
Nikamwambia asihofu, risasi ninayo ya kutosha.
Akacheka, na sijamwona akicheka tena:
Hata wale walikuwa nayo ya kutosha.

Bwana Kivuyo alikuwepo, amekalia debe,
anasubiri birika lake la shaba.
Mstaafu wa forodha. Sebuleni kwake, Capri Point,
ana kabati la vioo lenye taa ndani:
vifungo vya Wajerumani, kisu cha bunduki, helmeti mbili.
Akaipokea chupa kwa mikono miwili, kama mtoto wa mwenyewe,
akapitisha kidole kwenye tundu.
Laki mbili, alisema. Kisha tatu.
Koplo akaichukua, akaifunga kwenye kanga kuukuu.
Tulikuwa tunakunywa kwa zamu, alisema.
Mwenzangu zamu yake hajamaliza.

Alipokwisha kushuka kilima, Kivuyo akainama:
Fundi, wewe tundu linakushinda?

Ada ya Shija, chuo cha uuguzi, ilikuwa imelala muhula mzima.
Nikaenda Igoma kwa wauza chuma chakavu,
nikapata chupa nne, nzima, hazina historia.
Nikazipa.
Tindo na nyundo, pigo moja, usirudie, ukirudia linajulikana.
Moshi wa mpira. Chumvi, ndimu,
wiki mbili kwenye mchanga wa ziwa, kule wanakooshea pikipiki.
Zikatoka na kutu la kweli, hilo sikulidanganya mimi.
Ya nne nikaikwaruza herufi kwa msumari,
L na N, zilivyonijia tu,
mkono ulikuwa umeshika msumari na mvua ilikuwa inanyesha.

Tatu zilikwenda kwenye kabati. Shija akarudi chuoni.
Ya nne ilikuwa bado juu ya benchi, inasubiri kamba,
Koplo alipoingia na sufuria la mkewe.

Hakuuliza bei. Hakuuliza imetoka wapi.
Aliweka sufuria chini, polepole,
kama mtu anayeweka silaha.
Luhende, alisema.
Luhende Nyanda.
Akaigeuza, akaweka kidole kwenye tundu langu,
kikaenea.
Nilimwacha kwenye mafunjo, Lukaya, usiku, tukaambiwa twende.
Nilijua chupa yake itarudi. Chuma hakiozi upesi kama sisi.

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa mdomoni, yamepangwa:
Koplo, hii ni ya Igoma, nimeinunua kwa kilo.
Nje muuza karanga alikuwa anapita.
Nikameza.

Kivuyo nikamwambia imepasuka kwenye moto.
Alinikata laki yake, nikaona haki.

Sasa Koplo ananyoosha mkono. Anataka iwe kama ya kwake,
ishike maji, wanywe wote wawili.
Natia chuma kwenye makaa, napaka asidi,
risasi inalainika, inatetemeka, inang'aa,
na mimi mkono wangu, wa miaka thelathini na moja,
haukai.
Yeye ameinama karibu, namsikia pumzi.

Taratibu, fundi, anasema.
Hapo panamuuma.