Kwapa la Mkadi

Alfajiri ya tatu baada ya harusi
Voahangy alinirudishia mkeka.
"Mama, kuna kitu kinanichoma mgongoni."
Nilidhani ni mwiba. Nikauvuta kwa kucha.
Ulikuwa mguu, mwembamba kama sindano iliyopinda,
umekaukia kati ya chane mbili,
na vidole vyake vitano.

Mimi, Rasoazanany, mkadi nimeukata
tangu meno ya utotoni.
Unashika jani la moyoni, lile refu, laini,
unavuta, na maji yanakumwagikia kiwikoni,
baridi, yana harufu ya majani yaliyolala.
Nasikia ng'ambo wanawake huvaa ua lake nyweleni.
Sisi wa Bukini, huku msituni, tunalalia majani yake,
tunaanikia mpunga, tunabebea wafu.
Kilichoruka kutoka kwenye maji yale
sikukiuliza jina.

Aliyeuliza ni Herilanto, kijana wa chuo,
alikuja na taa ya kichwani, viatu vimelemewa na tope,
akalipia malazi kwa sukari na betri.
Usiku kucha alichungulia makwapa ya majani
kama mama atafutaye upele kwa mtoto,
akinong'oneza daftari lake:
kwapa la tano, dume;
la saba, mayai, yamebandikwa juu ya maji
kama mate ya mtu aliyecheka ghafla;
la tisa, viluwiluwi sita
katika maji yasiyojaza kijiko.

"Hawa hawashuki mtoni," aliniambia.
"Humu wanazaliwa, humu wanaoana, humu wanafia.
Jani ndiyo nyumba yao."
Nikamjibu: jani ndiyo ada ya Voahangy pia.
Akanyamaza. Alikuwa na adabu ya kunyamaza.
Mvua zilipoanza akaondoka,
nami nikaendelea kukata miaka minne.

Mguu ule sikumwonyesha bibi harusi.
Niliupeleka msituni ndani ya kiganja,
nikautia katika kwapa la mkadi, majini,
nikaona haya, kama mtu anayerudisha
kijiko alichoiba kwenye nyumba iliyokwisha kuungua.

Sasa nakata majani ya nje, magumu,
yaliyoanza kuinama yenyewe.
Ya moyoni nayaacha na maji yake.
Mikeka yangu imekuwa mizito, rangi ya chai,
na Ramiandra wa sokoni huibonyeza kwa kidole gumba,
anakata bei kabla sijaketi.
Simlaumu. Mgongo wa mteja haumjui chura.
Mawifi zangu wanavuta ya moyoni kama zamani,
na kule kilimani mkaa umekwisha kula mikadi
upande wote wa mashariki. Ukipita pale usiku
unasikia utumbo wako mwenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba, husema wenye vibaba.
Mimi sijui kama mti mmoja unaokoa kitu.
Najua huu wa nyuma ya jiko,
nilioupanda kwa tawi lenye mizizi ya hewani,
ukakaa misimu mitatu ukikusanya mvua, kimya.
Jana umelia.
Sauti fupi, kucha juu ya kibuyu,
halafu kimya, halafu tena.
Nilizima moto niisikie vizuri.
Wali ukabaki na kiini,
na mume wangu, bakuli tupu mapajani,
akainua kichwa gizani
akauliza nani anabisha hodi.