Chumvi ya Bahi

Nimeandika nyuma ya daftari la vikoba:
nauli ya Bahi hadi Dodoma, ya Dodoma hadi Tanga,
gesti usiku mmoja, chumba kimoja
(mama hukoroma, lakini nitafanyaje),
boti, kwenda na kurudi, laki na ishirini,
maji ya kunywa, mkate, ndizi, kofia.
Kofia nimeikata. Mama ana khanga.

Shekue mwenye boti husikika vizuri
nikisimama juu ya tofali, kona ya uzio, upande wa reli.
Kisiwa kina miti? Hakina.
Nyumba? Hakina.
Choo je? Akacheka.
"Dada, ni mchanga tu, mweupe, ukiukanyaga unalia.
Hakuna mtu. Ila ujue jambo moja:
maji yakijaa, hakipo."

Hakipo vipi?

"Hakipo. Saa nne asubuhi kinaibuka,
saa saba nawapakia,
saa nane hata ndege hana pa kutua."

Nikashuka kwenye tofali magoti yamelegea.
Miezi minane ya kuweka elfu mbilimbili
ili nikakanyage kitu ambacho hakipo!
Na nitamwambiaje Sechelela binti Ndahani,
pale mlangoni anapopepeta uwele,
ambaye tangu Januari ametangaza
kanisani, kisimani, kwa muuza dawa za mifugo,
kwamba anakwenda kuoga kisiwani?

Nilimwambia tu. Ungo haukusimama.
"Hicho nacho ni kioja?
Hapa kwetu maji huja na masika, yakaondoka bila kuaga.
Baba yako alivua kambale palepale
ng'ombe wa Chilewa wanapotifua vumbi leo.
Uliwahi kusikia tumelia?
Tulikwangua udongo, tukauchuja, tukachemsha.
Tukapata chumvi. Tukasubiri."

Kisha, uwele ukiwa bado hewani:
"Na ya huko, kweli yana chumvi tayari?"
Tayari, mama.
"Bila kuni?"
Bila kuni.

Hapo ndipo ungo ulisimama.
Akaitazama mikono yake, nyuma, mbele,
mabaka ya mvuke wa vyungu vya miaka thelathini.
"Bila kuni," akasema tena, polepole,
kama mtu aliyesikia leo
kwamba urithi uligawanywa na yeye hakuitwa.

Usiku nilimkuta na maharage kumi na manne sakafuni.
Kalenda yangu, ile ya bure ya duka la pembejeo,
ameigeuza uso ukutani.
"Hiyo haijui mwezi. Umesema bahari hufuata mwezi?"
Shekue ndiye aliyesema.
"Basi tarehe yako si tarehe. Mwezi utakuwa kipande,
maji yatasitasita, hayatatoka yote.
Tutakwenda ukishapevuka. Siku moja baadaye. Andika."

Nikaandika. Nikarudi kwenye tofali, gizani.
Shekue akanyamaza, nikasikia anahesabu kwa pumzi.
"Ni kweli. Hilo ni bamvua, fungu litatoka lote.
Mama yako mtu wa pwani?"
Mtu wa Bahi, nikasema,
na sijui kwa nini nilinyoosha mgongo nilipolitaja.

Bado tunapungukiwa elfu arobaini.
Jogoo anapita kati yetu akijikwatua,
hana habari kwamba nimeshamwandika.

Begi limefungwa wiki tatu kabla.
Jana nilitaka kuongeza sabuni, nikapapasa kifundo
kwenye pindo la khanga yake ya kanisani,
kigumu, kizito kama yai.
Nikakifungua: chumvi, ya kijivu, yenye harufu ya moshi.

Mama! Chumvi, tunaipeleka baharini?

"Huendi kwa mwenye mali mikono mitupu," akajibu,
akinipokonya pindo lake, akikaza kifundo kwa meno.
"Naye aonje ya kuni."