Bia ya Ngano

Fundi Uli aliniachia chupa mbili
siku alipomaliza mtambo wa barafu pale bandarini.
"Hii si ya kiu," alinionya, kidole juu,
"ina nguvu. Kwetu huinywa baridi ikiwa imekaa mlangoni."
Mwandiga baridi haikai mlangoni, hupita njia.
Nikazificha nyuma ya gunia la mtama,
zikala masika yote gizani.

Mimi pombe naijua toka mgongoni mwa mama.
Naijua ndizi inavyolala shimoni siku tano, sita,
inavyokamuliwa kwa majani mpaka viganja vinawasha,
na mtumbwi wa marehemu, wa mvule,
nisiouosha kwa sabuni hata ukiniua:
kilichomo kwenye nyufa zake ndicho mpishi,
mimi mchota maji tu.

Basi jioni moja, mvua, wateja hakuna,
nikang'oa kifuniko kwa mpini wa upawa.
Povu likapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Rangi ya Malagarasi ikifurika.
Nikanusa.
Ndizi!
Ndizi mbivu, ya siku ya sita, na karafuu kwa mbali,
na ganda la mkate ulioungua kidogo.
"Butoyi! Njoo unisomee.
Wamekamua ndizi gani hawa?"

Akageuza chupa, akahangaika na simu yake.
"Maji. Ngano. Shayiri. Ua fulani chungu. Hamira."
"Na ndizi?"
"Ndizi hamna, mama. Ni hiyo hamira inafanya hivyo."
"Soma tena."
Akasoma tena. Hamna.

Sikulala vizuri,
sijui ni nguvu yake au ni ile habari.
Watu hawana hata mgomba mmoja,
na harufu ya shimo la mama imewafikia.
Nani aliipeleka?

Chupa ya pili sikuimaliza.
Mashapo yake, mazito kama uji wa mtoto,
niliyamimina mtumbwini, nikafunika majani,
nikasema, haya, salimianeni.

Jumamosi Ntahondi, mchoma matofali,
alipiga funda, akanyamaza, akapiga la pili.
"Leo umetia nini humu?"
"Ngano," nikasema.
Akavuta kigoda karibu,
akakunja mikono,
akangoja nianze.