Masizi ya Chungu

Nilimwosha alfajiri, kisimani kwa Bi Nanaa,
ndoo nne na nusu kipande cha sabuni ya kufulia,
nikamsugua kwato kwa kumbi la nazi
mpaka zikang'aa kama viatu vya bwana harusi.
Akasimama tu. Akanipiga mkia usoni mara mbili.
Basi, hayo ndiyo yalikuwa maoni yake.

Jina lake Tashwishi.
Binti yangu Mwanashee ndiye aliyempa
usiku aliozaliwa, miguu minne ikishindwa kuafikiana
wapi pa kusimama.

Mashindano saa tatu, uwanja wa mbele ya Ngome.
Kundi la kwanza: vihongwe,
wasiotimiza miaka mitatu,
wasiowahi kubeba.

Hapo nikameza mate.

Begani kushoto, chini ya singa za shingo,
nywele zake zimeota nyeupe,
duara moja kama sarafu ya shilingi ishirini.
Nilikwangua masizi ya chungu cha wali,
nikayachanganya na mafuta ya nazi ya mke wangu,
nikampaka kwa kidole, kidogo kidogo,
kama mama anayemtia mwanawe wanja.

Tulipita Mkomani, vichochoro
vya kupitisha punda mmoja na salamu moja,
na kila baraza lina mkaguzi wake:
"Masikio hayo, Shekuwe, ni ya sungura!"
"Mwana wa jike lako la kijivu? Ndoo naye, nimwone mato."
Lali wa duka la misumari akampa ganda la tikiti,
akasema huyu yeo harudi bila kikombe,
nami nikaitikia inshallah
kwa sauti nyembamba kuliko uzi.

Mwamuzi alikuwa daktari wa wanyama, kijana, wa Faza,
mikono ya buibui imekunjwa, kalamu sikioni.
Alimpima kimo kwa fimbo yenye tarakimu.
Aliinua kwato moja moja, akanusa.
Mtembeze, akasema. Mrudishe. Mkimbize.
Na Tashwishi alitembea, Mungu shahidi,
kama mgeni aliyealikwa kwa jina lake.

"Ameshabeba?"
"Hajabeba hata kanga."

Kidole chake kikapita begani,
kikasimama.
Akakitazama. Cheusi.
Akatoa leso, akafuta kwanza kidole,
kisha, taratibu, bega.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga.
"Hapa palikuwa na kidonda. Shogi hili.
Alikuwa na umri gani?"
Nikapaparika, nikasema mitatu.
Akamfunua mdomo, akanionyesha
meno mawili ya kati, mapya, hata hayajakutana.
"Mitatu," alisema, "hajafika bado."

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, mamake alifura mguu.
Famau anapandisha ghorofa Langoni,
mawe yamerundikwa gatini, malipo kwa tripu,
na karo ya Mwanashee imelala muhula mzima.
Niliyaeleza hayo? Sikuyaeleza.
Nilishika kamba kama mtu aliyeazimwa.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke.
Miezi minne alinibebea mawe,
na teke hata moja sikuliona.

Karatasini: kwato, tisa. Mwendo, tisa.
Tabia, kumi.
Chini kabisa, matunzo ya mwenyewe,
akaandika mbili,
akafikiri,
akaiacha mbili.

Kikombe kilikwenda Shela.

Jioni Famau akapiga simu:
mchanga, tripu ishirini, kesho asubuhi.
Nikamwambia mwakani.
Akacheka, kisha akaona sicheki, akakata.
Karo sijui itatoka wapi.

Uani Mwanashee alikuwa ameloanisha kitambaa,
anafuta masizi yaliyobakia,
punda amefumba macho,
na kadiri alivyofuta
ndivyo kile kidoa kilivyozidi kuwa cheupe.