Jezi Namba Sita

Mimi ndiye ninayezifua. Kumi na tatu za kuanza,
nne za benchi, na soksi zisizojua jozi zao.
Kamati hukutana chumba cha pili,
ukuta ni wa mbao, kwa hiyo nasikia.

Walisema msimu huu lazima tupande daraja.
Walisema hawa watoto wetu wazuri, ila bado.
"Bado" ni neno refu ukilisubiri nje ya mlango.
Mweka hazina akataja nauli ya ndege,
akataja nyumba ya Kilimani yenye maji ya moto,
akanyamaza,
akataja chapati za wavulana arobaini wa akademia
kama mtu anayetaja deni la marehemu.

Jumatatu nikapewa karatasi: sita ni ya Kaupa.

Sita ilikuwa ya Asiligwa.
Tangu ana miaka kumi na miwili, jezi ikimfika magotini,
akija kwa miguu kutoka Kangemi, njumu shingoni,
akikatiza Kawangware kabla watu hawajafungua vibanda.
Mimi ndiye niliyeipunguza mikono.
Mimi ndiye niliyeshusha pindo alipoanza kurefuka.
Nguo haijui mkataba. Inajua mabega.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.
Hawakusema mwenyeji atapona akiwa ameketi wapi.

Kaupa akaja na sanduku moja na magoti ya bandeji.
Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, niseme kweli.
Nikampa jezi huku nikitazama dirishani.
Akaigeuza ndani nje, akaupapasa mshono wangu,
akauliza, Kiingereza chake cha kuokoteza kama changu,
nani aliyeivaa kabla?
Nikamwonyesha kwa kidevu.
Kwao, milimani Papua, raga hii ya watu kumi na watatu
huchezwa hata kwa chupa iliyojazwa nyasi.
Naye aliwahi kuvuliwa namba, alisema,
na mtu aliyeshuka kwenye ndege.
Hakusema alifanya nini baadaye.

Siku mbili alikuwa mgeni.
Ya tatu hatukuwa na jembe, tukampa wale arobaini.
Jioni zote za Aprili, mvua ikiyatwanga mabati,
aliwafundisha kuanguka: bega kwanza, mpira kifuani,
maana mchezo huu utakuangusha mara sita
kabla ya kukudai mpira.
Mara sita tu?
aliuliza mtoto mmoja wa Kangemi,
na wenzake wakacheka mpaka kocha akapuliza kipenga.

Jumamosi Dagoretti uwanja ulikuwa uji.
Asiligwa akaingia dakika ya hamsini,
kumi na saba mgongoni, mpya, inang'aa, inampwaya.
Akapaza sauti: Kichochoro!
Jina la mbinu yao ya utotoni, haimo kwenye daftari la kocha.
Kaupa akaitika: Kisosoro!
Mpira ukapita nyuma ya wanaume watatu
ukaibukia kwa winga, kama mpangaji
anayemkwepa mwenye nyumba.
Trai.
Niliruka, mimi na goti langu bovu, ndoo ya maji ikamwagika.

Tulifungwa kwa pointi nne.

Sasa naloweka. Tope limezila namba zote,
nasugua sita au nasugua kumi na saba, sijui bado,
maji ni yale yale mekundu.
Chumba cha pili wameanza.
Nafunga bomba nisikie vizuri.
Wanataka wengine wawili, mmoja wa Fiji,
na chapati ziwe za siku ya mechi tu.
Na yule kijana, anauliza mtu, yule wa trai?
Mzuri, anajibiwa. Ila.

Asiligwa yuko mlangoni pangu, miguu mitupu,
amekuja kuulizia soksi zake.
Nafungua bomba tena, mpaka mwisho,
ili asisikie.