Mnyambuliko wa Kuuza

Barabara ya Holloway, London, Jumanne, saa kumi jioni,
na giza limeshafika darasani kabla ya mwalimu.
Bomba la joto linakohoa.
Dokta Ashworth anafuta ubao kwa kiganja,
anaandika: haki bila wajibu.
Hii ndiyo bidhaa, anasema. Ina bei.

Nikarudi darasa la tano, somo la uraia,
mwalimu Tegamaisho na fimbo yake ya mkaratusi:
Hakuna haki...
Bila wajibuuu! tuliitika,
tukaenda nyumbani tukiamini.
Kumbe ipo, na inauzwa.
Unalipa kidogo leo, unapewa haki ya kuuza kesho
kwa bei uliyoitaja mwenyewe,
na kesho ikikuletea bei nzuri zaidi
unaikunja karatasi, unaondoka,
hudaiwi hata salamu.

Mama aliuliza kwa simu: unasomea nini hasa?
Masoko ya fedha, mama.
Masoko nayajua. Na hicho kingine?
Hicho kingine sikuwa na jina lake.
Nikaazima la kwenye sarufi: mnyambuliko.
Una mzizi, nikamwambia, tuseme kahawa.
Halafu huuzi kahawa, unauza ahadi ya kahawa,
halafu ahadi ya ile ahadi,
kama kitenzi kilivyokuwa ubaoni:
uza, uzia, uziana, uzika
(na ndani ya uzika mna zika;
nilicheka peke yangu maktaba,
Bolanle akanitupia jicho).

Mama akanyamaza. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria.
Basi ni butura, akasema.

Butura.
Mwezi wa kumi, mibuni imevaa maua meupe,
ada yangu ya Januari haijulikani itatoka wapi,
baba akauza ua.
Tunda lilikuwa bado.
Madebe kumi na manne, elfu nne kila debe,
kwa mtendaji wa kata, yuleyule
aliyeipiga marufuku mkutanoni mchana
akaja kuinunua usiku, bila tochi.
Mwezi wa sita bei ikapanda.
Tukachuma shamba letu kama vibarua,
baba akihesabu madebe kwa sauti
ya mtu anayesoma majina ya waliofeli.

Na bei ile iliyopanda
ilikuwa ikipandia huku, katika jiji hili,
vituo vichache vya treni kutoka kiti changu.
Hilo nililijua wiki ya tatu.
Sikumwambia mtu.

Usiku wa kuamkia mtihani nikaiingiza butura kwenye fomula.
Bei ya ua. Bei ya Juni. Miezi minane.
Mtikisiko wa bei niliukadiria kwa kumbukumbu,
kwa jinsi baba alivyoishika redio saa ya taarifa ya habari.
Kila kitu kikakubali kukaa mahali pake
isipokuwa kiherufi kimoja:
riba isiyo na hatari.
Kitabu kinasema tumia hati fungani za serikali.
Mimi nikaitafuta kule kwetu, mwaka ule.
Ng'ombe? Alikufa Machi.
Ushirika? Ulilipa mara mbili, mara ya tatu ukatoa stakabadhi.
Mtoto wa kike aliyepelekwa sekondari?
Hapo nikaweka kalamu chini,
nikachemsha maji, nikasahau kuweka majani,
nikayanywa hivyo hivyo.

Asubuhi nikajibu maswali manne kati ya matano
bila kumtaja mtendaji.

Jioni mama akapiga tena.
Hakuuliza kama nimefaulu.
Ukimaliza, alisema, utakuwa upande upi,
wa wanaouza ua
au wa wanaolinunua?

Basi namba arobaini na tatu likasimama, taa zake zote zinawaka.
Nikasema, mama, mtandao unakatika.

Haukukatika.