Siku ya Tatu, Sainte-Anne

Odile, shangazi wa mume wangu,
kaja na sanduku la magurudumu.
Magurudumu, ndani ya kihori cha mpira!
Siku ya kwanza kaosha nywele:
lita arobaini, maji yetu ya wiki.
Ya pili kagonga kichwa mara tisa,
akaulizia mlango wa choo;
tukamwonyesha pazia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Shamba liko wapi? Nikampa mpini wa pampu.
Akavuta, akasukuma, akalaani,
usiku akalala sitahani
mdomo wazi.

Jumapili ndege ikamrudisha Lyon.
Mashua imeinuka kidole kizima,
mstari wa mwani umejitokeza ubavuni.
Gaëtan kashika brashi.
Namwambia: acha kwanza.
Ule ni uzito wake.